Kitabu Kisichotahiniwa: Pendekezo la Mkutubi na Usomaji wa Kujiburudisha kutoka Garissa hadi Ifo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia sana mwandishi, umeichambua matini kwa kila kipimo, na tangu nadharia za upokezi zilipoingia vyuoni umeanza pia kumkumbuka msomaji. Lakini kati ya matini na msomaji kuna mtu mmoja ambaye hatajwi katika tahakiki: mkutubi wa shule, ambaye mwanafunzi humwendea baada ya vipindi na kumwuliza asome nini. Jibu lake aghalabu ni la sentensi moja. Halichapishwi wala halina tanbihi. Hata hivyo ni tendo kamili la kihakiki, kwa maana linachagua, linapima uwezo wa msomaji, linalinganisha kitabu na kitabu, na linatoa hukumu ambayo matokeo yake huonekana upesi, kitabu kinaporudishwa kimekunjika kwa kusomwa au kikiwa kipya kama kilivyotoka.

Makala haya yanafuatilia historia ya tendo hilo katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kuanzia Garissa hadi kambi ya wakimbizi ya Ifo. Hoja yake ni kwamba katika eneo hili mkutubi amekuwa, kwa muda mrefu, mtu anayependekeza kutoka katika rafu asiyoichagua. Rafu hiyo ilijazwa na dola, na mfadhili, na baraza la mitihani. Naye mkutubi akaachiwa kazi ya kuitetea. Jambo hili linaihusu fasihi ya Kiswahili moja kwa moja, kwani ng'ambo ya Mto Tana vijana wengi hukutana na Kiswahili shuleni tu, na asiyewahi kusoma riwaya ya Kiswahili kwa furaha yake mwenyewe hana sababu ya kuifungua nyingine baada ya mtihani.

Rafu iliyojazwa na wengine

Dhana ya kumpa Mwafrika kitabu cha kujiburudisha kwa Kiswahili haikuanzia maktabani, bali kwa wafasiri. Mnamo 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, zikiwemo Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na mwaka uliofuata Johnson mwenyewe akawa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki. Hivyo basi, mtu aliyesimamia usanifishaji wa lugha ndiye pia aliyeamua kwa sehemu kubwa kijana wa shule acheke nini na aogope nini. Ni haki kukiri kwamba vitabu hivyo vilipendwa. Vizazi vya wasomaji wa pwani na bara vilivipokea kwa hamu, na baadhi ya waandishi walijifunzia humo namna ya kupanga mkasa. Lakini msomaji hakuulizwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hiyo ilipewa chombo maalumu. East African Literature Bureau iliundwa mwaka 1948, ikapewa majukumu mawili ambayo leo yangeonekana kuwa ya idara mbili tofauti: kuchapisha na kusambaza. Iliandaa mashindano ya uandishi, na ni katika mashindano ya 1957-58 ambapo Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Wakati huohuo Bureau iliendesha huduma za maktaba, ikituma masanduku ya vitabu katika vituo vya mbali na kuwaazima wasomaji vitabu kwa njia ya posta. Kwa mara ya kwanza mchapishaji na mkutubi walikuwa chini ya paa moja, na kwa mara ya kwanza riwaya ya Kiswahili iliyobuniwa na Mswahili, yenye mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, ingeweza kupendekezwa kama kitabu cha starehe pasipo kuvaa joho la tafsiri.

Faida hiyo haikulifikia lile lililoitwa wakati huo Jimbo la Mpakani la Kaskazini. Jimbo hilo lilikuwa limefungwa kwa sheria tangu miaka ya 1920. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na shule za serikali zilichelewa mno kufika. Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 viliacha eneo chini ya sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991. Kwa hiyo wakati Bunge la Kenya lilipopitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba za taifa mwaka 1965, na huduma yenyewe ilipoanza kazi mwaka 1967, Garissa na Wajir zilikuwa mahali ambapo serikali ilijulikana zaidi kwa kizuizi cha barabarani kuliko kwa kitabu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba eneo hili lilikuwa halina usomaji wala sanaa ya lugha. Mtoto wa Kisomali alianza kusoma katika dugsi, chuo cha Kurani, akiandika aya juu ya loox, ubao wa mti unaooshwa na kuandikwa tena. Usomaji huo ulikuwa wa sauti, wa pamoja, na wa kuhifadhi moyoni. Nao haukukusudiwa kuburudisha. Burudani ilikuwa upande wa pili, katika sheeko za usiku za Dhegdheer, jimama mla watu mwenye sikio refu; za malkia Arawelo; za Igaal Shidaad ambaye woga wake huchekesha hadi leo; na katika gabay na buraanbur, tungo ambazo Wasomali huzithamini kuliko mali nyingi. Mgawanyo huu, kwamba maandishi ni ya ibada na elimu na sauti ni ya starehe, ndio aliourithi kila mkutubi aliyefika huko baadaye. Ulizidi kuimarika kwa sababu Kisomali chenyewe hakikupata maandishi rasmi ya Kilatini hadi 1972, na riwaya ya kwanza kuchapishwa kwa lugha hiyo, ya Faarax M. J. Cawl, ikatoka mwaka 1974, upande wa pili wa mpaka.

Ngamia na mkutubi

Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianzisha huko Garissa maktaba inayobebwa na ngamia, na baadaye ikaienezea Wajir. Ilianza na ngamia watatu. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: magari hukwama mchangani na kwenye matope ya msimu wa mvua, wafugaji huhama wakifuata malisho, na shule nyingi hazina chumba cha vitabu. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Mikeka hutandikwa chini ya mti au karibu na darasa, na wasomaji huazima vitabu hadi msafara utakaporudi.

Ulimwengu uliipenda picha hiyo. Margriet Ruurs aliiingiza Kenya katika kitabu chake cha watoto juu ya maktaba za ajabu duniani, kilichotoka mwaka 2005, na mwaka 2007 Masha Hamilton, mwandishi wa Marekani, akachapisha riwaya ya The Camel Bookmobile. Katika riwaya hiyo mkutubi kutoka Brooklyn, Fiona Sweeney, anafika Garissa kusaidia maktaba, na mgogoro unazuka pale kijana mmoja mwenye kovu usoni anapokataa kurudisha vitabu. Hamilton anastahili sifa kwa kutowachora wanakijiji kama watu wa kushukuru tu. Wapo wanaoona vitabu kuwa hatari kwa desturi zao, na hoja zao hazidharauliwi. Hata hivyo muundo wa riwaya unaonyesha tatizo lilelile linalojadiliwa hapa. Anayeamini katika nguvu ya kitabu ni mgeni. Mkutubi wa Kenya anabaki mtumishi wa ratiba na sheria za kuazima, na swali la nani aliyechagua vitabu vilivyomo sandukuni linaulizwa kwa kupitia tu.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Sehemu kubwa ya vitabu katika maktaba za umma za Afrika Mashariki katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ilitokana na misaada. Shirika la Ranfurly lililoanzishwa mwaka 1954, na ambalo mwaka 1994 lilibadili jina na kuwa Book Aid International, lilianza kwa kukusanya vitabu vilivyokwisha kutumika Uingereza. Katika miaka ya 1990 mkazo ulielekea kwenye vitabu vilivyoombwa na maktaba zenyewe na vilivyochapishwa Afrika, na mabadiliko hayo ni ushahidi kwamba hata wafadhili walitambua dosari ya utaratibu wa awali. Dosari yenyewe ilikuwa ya kihakiki kabla ya kuwa ya kiutawala. Mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, alidai kuwa kila kitabu kina mtu anayekifaa, na kwamba kazi ya maktaba ni kuwakutanisha. Dai hilo linachukulia kwamba kitabu kimefika rafuni kwa kusudi fulani. Kitabu kilichofika kwa sababu familia moja ya Leeds ilikuwa inahama nyumba kinaweza kumpata msomaji wake Garissa kwa bahati, lakini bahati si pendekezo.

Mkutubi wa msafara wa ngamia alikabiliwa na ugumu wa ziada. Sanduku lina mipaka. Kila kitabu kinachopakiwa kinaondoa kingine. Kupakia ni kuhakiki. Anayetia sandukuni Hekaya za Abunuwasi badala ya kitabu cha ufundi wa mashine za Ulaya ametoa hukumu ya kifasihi, na hukumu hiyo inaweza kutetewa kwa hoja. Abunuwasi, mjanja anayemshinda sultani kwa maneno, si mgeni katika ukoo wa masimulizi ambao mtoto wa Kisomali ameulelewa. Asili yake ni mshairi wa zama za Abbasia, na hekaya zake zimezunguka ulimwengu wa Kiislamu kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa Kiswahili. Sentensi zake ni fupi, kisa hakizidi kurasa chache, na kichekesho kinaeleweka hata msomaji akikosa neno moja kati ya matano. Wahakiki wengi wamezipita hekaya hizi kwa kuziona nyepesi. Mkutubi hawezi kumudu dharau hiyo, kwani kwake wepesi ni sifa ya kwanza. Msomaji aliyezoea kwamba starehe iko katika sauti na maandishi yako katika elimu anahitaji maandishi yanayosikika, na Abunuwasi anasikika.

Ifo

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, baada ya kuanguka kwa serikali ya Siad Barre mwezi Januari, karibu na mji mdogo wa Dadaab, takribani kilomita 100 kutoka Garissa. Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992. Kambi tatu zilikusudiwa watu 90,000; wakati wa ukame na njaa ya 2011 eneo zima la Dadaab lilipita watu 400,000, na Ifo 2 ikafunguliwa mwaka huo ili kupunguza msongamano.

Historia ya kitabu katika kambi hizi imegawanyika kwa lugha. Katika miaka ya mwanzo shule zilitumia vitabu vya Kisomali, baadhi yake vikiwa vimechapishwa upya kwa juhudi za mpango wa UNESCO wa elimu ya dharura uliokuwa na makao Nairobi, kwa matumaini kwamba wanafunzi wangerudi kwao upesi. Matumaini hayo yalipofifia, mtaala wa Kenya ulichukua nafasi kuelekea mwishoni mwa miaka ya 1990, na shule ya sekondari ya Ifo ikafunguliwa mwaka 2000. Kwa mabadiliko hayo Kiswahili, ambacho mfumo wa 8-4-4 ulikifanya somo la lazima la kutahiniwa tangu 1985, kiliingia darasani kama lugha ya nne kwa watoto wengi: baada ya Kisomali cha nyumbani, Kiarabu cha dugsi, na Kiingereza cha kufundishia. Waliofundisha walikuwa kwa sehemu kubwa wakimbizi wenyewe, waliolipwa posho, na ambao wengi wao walijifunza Kiswahili ukubwani.

Hapa ndipo kasoro ya rafu inapojitokeza waziwazi. Kitabu cha Kiswahili kilichoingia shule ya sekondari kiliingia kama kitabu teule: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, Siku Njema ya Ken Walibora, baadaye Kidagaa Kimemwozea ya Walibora huyohuyo. Hakuna mhakiki atakayekana ubora wa kazi hizo. Lakini kitabu teule hufika na maswali yake. Mwanafunzi hukutana na mhusika akiwa tayari ameambiwa ataje sifa zake, na na dhamira akiwa tayari ameambiwa azitolee mifano minne. Pendekezo la mkutubi halina nafasi katika mkabala huo, kwa sababu pendekezo ni jambo ambalo msomaji anaweza kulikataa.

Tofauti kati ya kitabu cha kiada na cha ziada, ambayo wachapishaji hupenda kuisisitiza katika orodha zao, haitoshi kulieleza hili. Kitabu cha ziada kilichonunuliwa ili kuinua alama za insha ni kiada kwa jina jingine. Usomaji wa kujiburudisha huanzia pale msomaji anapokuwa na uhuru wa kukiacha kitabu katika ukurasa wa kumi bila adhabu.

Ipo pia dhana iliyozoeleka kwamba Kiswahili ni lugha ngeni kabisa kwa wakazi wa Ifo. Dhana hiyo inafaa kuchunguzwa upya. Miongoni mwa waliokimbia Somalia walikuwemo watu wa Barawa, ambao Chimwiini chao ni lahaja ya Kiswahili yenye fasihi yake ya kidini, zikiwemo tenzi za Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919. Walikuwemo Wabajuni wa visiwa vya Kismayu. Wengi wa makundi haya mawili walikaa kwanza katika kambi za pwani karibu na Mombasa, kabla kambi hizo hazijafungwa katika miaka ya 1990. Walikuwemo pia Wabantu wa bonde la Juba, wajukuu wa watumwa waliochukuliwa kutoka Tanzania na Msumbiji katika karne ya kumi na tisa, baadhi yao wakiwa bado wanazungumza Kizigula. Maelfu ya Wabantu hao waliishi katika kambi za Dadaab kabla ya kuhamishiwa Kakuma mwaka 2002 na kupelekwa Marekani. Kwa mtoto wa Kizigula hadithi ya Kiswahili ilikuwa na maneno ya bibi yake ndani yake. Rafu iliyopangwa kwa kuamini kwamba wote ni wageni wa lugha hii ilimkosea kwa namna moja, na iliyopangwa kwa mahitaji ya mtahiniwa wa Nairobi ilimkosea kwa namna nyingine.

Nani abaki kupendekeza

Miaka ya 2014 na 2015 ilileta pigo ambalo athari yake kwa usomaji haijapewa uzito unaostahili. Baada ya abiria 28 kuuawa katika basi karibu na Mandera mwezi Novemba 2014, na watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Katika shule nyingi za eneo hilo hakuna mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Funguo za kabati la vitabu hushikwa na mwalimu wa lugha, na mwalimu wa Kiswahili aghalabu alikuwa mmoja wa hao walioondoka. Kabati likabaki, mpendekezaji akaondoka. Mwezi Mei 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab. Mahakama Kuu ikalizuia agizo hilo mwezi Februari 2017, lakini Ifo 2 ilifungwa mwaka 2018, na kwa miaka hiyo yote hapakuwa na sababu ya mtu kupanga maktaba ya miaka kumi mahali palipokuwa na amri ya kuvunjwa.

Jambo lililofuata halikutoka kwa dola wala kwa mashirika makubwa. Abdullahi Mire, mwandishi wa habari aliyekulia Dadaab kama mkimbizi, alianzisha Refugee Youth Education Hub, na kwa kukusanya vitabu kutoka kwa watu na taasisi aliwafikishia wakazi wa kambi vitabu 100,000 na kufungua maktaba tatu. Mwaka 2023 alipewa tuzo ya Nansen ya UNHCR. Katika maelezo ya chanzo cha kazi yake hutajwa msichana mmoja wa kambini aliyemwomba kitabu cha biolojia, kwa kuwa alitaka kuwa daktari.

Ombi hilo linafaa kuzingatiwa na wahakiki wa fasihi kwa sababu halikuwa la fasihi. Penye uhaba, kitabu cha kwanza kuombwa ni cha mtihani, na ni haki kiwe hivyo. Mhakiki anayemhubiria mtu wa namna hiyo uzuri wa riwaya kabla ya biolojia anastahili kuchekwa. Hata hivyo maktaba ya kambini inayoanzishwa na mtu wa kambini ina tofauti moja ya msingi na zile zilizoitangulia. Anayesimama mbele ya rafu anayajua masimulizi ambayo msomaji ameyalelewa. Anajua kwamba anayemcheka Igaal Shidaad ataelewa kichekesho cha Abunuwasi, na kwamba mkasa wa Siku Njema, wa mtoto aliyefiwa na mama huko Tanga na kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, hauhitaji kufafanuliwa kwa kijana ambaye ukoo wake umetawanyika baina ya Ifo, Kismayu na Minneapolis. Darasani safari ya Kongowea ilifundishwa aghalabu chini ya kichwa cha ploti. Mkimbizi anaweza kuisoma kama habari.

Siku Njema haitahiniwi tena, wala Utengano. Kila orodha ya vitabu teule inapobadilishwa, nakala za zamani hubaki ghalani, na kwa mahesabu ya shule huwa zimekufa. Kwa mkutubi zimefunguliwa sasa: Kiswahili chake kiko katika kiwango cha kidato, nakala ni nyingi kiasi cha kutosha marafiki watano kusoma pamoja na kubishana, na hakuna atakayeuliza maswali mwishoni. Tatizo dogo ni pambizo. Nakala hizo zimeandikwa kwa kalamu na mikono ya watahiniwa wa miaka iliyopita, "dhamira" hapa, "kinaya" pale, mistari imepigwa chini ya maneno ambayo mwalimu alisema yatakuja. Msomaji mpya wa Ifo akifungua ukurasa wa kwanza hukuta mwenziwe amekwisha kumtangulia, na ni juu ya mkutubi kumwambia kama azifuate alama hizo au azipite.